Emmons push-pull, ZB Custom au Sho-Bud: stili ipi ya zamani ununue, na lini uachane nazo zote

Mtu akishakaa na pedali stili, lile gitaa la pedali la kantri, mwaka hivi, ugonjwa unamwanza. Gitaa lake jipya halina shida yoyote, pedali laini, tuni haihami, lakini kuna rekodi ya zamani ameisikia na sauti ile haitoki kwake hata abadilishe ampu, waya, chuma cha kutelezesha, kila kitu, basi anaanza kuulizia stili za zamani zilizoundwa kwa mkono na hapo ndo anapotea kabisa, sababu kila mpigaji ana dini yake. Huyu anaapa kwa Emmons push-pull, yule hataki kusikia kitu zaidi ya Sho-Bud ya mbao, alafu kuna kikundi kidogo cha watu wa ZB Custom ambao ukikaa nao meza moja hutoki kabla ya saa sita usiku. Mimi ni wa hicho kikundi cha tatu, nasema mapema ili usije ukadhani refa hana timu.

Ila siandiki hapa kukuvutia upande wangu. Hizi gitaa ukiziangalia kwa juu zinafanana sana, tofauti yote iko tumboni, na watu wananunua bila kuzipindua wakaona tumbo.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: ni lile gitaa lenye miguu minne kama meza, linalolia nyuma ya mwimbaji wa kantri Charley Pride kwenye zile nyimbo redio za Kenya zimepiga Jumapili miaka nenda miaka rudi mpaka kila mzee anazijua. Halishikwi mapajani, unakaa nyuma yake. Mkono wa kushoto una chuma kizito cha duara kinachotelezeshwa juu ya waya, wa kulia una kucha za chuma na plastiki, mguu wa kushoto uko kwenye pedali, wa kulia kwenye pedali ya volyumu, na magoti yote mawili yanasukuma leva zinazoning'inia chini. Ukikanyaga pedali, waya fulani unapanda nota wakati bado unalia, ndo kile kilio. Kwenye tuni ya E9, ambayo ndo ya kantri, pedali ya kwanza inatoa B kwenda C#, ya pili inatoa G# kwenda A, ukizikanyaga zote mbili kodi ya E inageuka kuwa kodi ya A bila kusogeza chuma. Ikiwa na shingo mbili, ya pili inakuwa C6 kwa ajili ya swing na jazi, hiyo ndo utasikia wakiita D-10, yani shingo mbili za waya 10 kila moja.

Kinachofanya kazi hiyo chini ni mashine. Rodi, springi, vidole vidogo vya aluminiamu ambavyo waya unapita juu yake, na namna fundi alivyoamua kuvipanga ndo inaamua sauti, uzito wa pedali na kama utalia au utacheka siku kitu kikikatika.

Emmons kwanza

Buddy Emmons alitoka Mishawaka kule Indiana, akaingia Nashville mwaka 1955 akiwa na miaka 18 kumpigia mwimbaji wa kantri Little Jimmy Dickens, na miaka michache baadaye yeye na mpigaji mwenzake Shot Jackson wakaanza kuunda stili kwa jina la Sho-Bud, Shot na Buddy, ndo hivyo. Kwaiyo huyu jamaa ana mkono kwenye kampuni mbili kati ya hizi tatu, hebu fikiria. Mapema miaka ya 60 akajitoa na kwenda kuungana na Ron Lashley, injinia wa Burlington, North Carolina, wakaja na mfumo mpya wa mashine ambao mpaka leo watu wanauabudu, ndo huo push-pull.

Siri yake ni hii. Kwenye stili nyingi za sasa kila rodi inavuta tu, kupandisha inavuta na kushusha inavuta, na kidole waya ukiwa wazi kinakuwa kimeshikiliwa na springi. Push-pull inavuta ikipandisha na inasukuma ikishusha, na hapo katikati, ukiwa hujakanyaga kitu, kidole kinakuwa kimebanwa kabisa kwenye kizuizi cha chuma kilichofungwa kwenye bodi. Hakielei. Waya unatetemesha kidole, kidole kinatetemesha bodi, basi unasikia ule mng'ao wa juu na ule uzito chini kwa wakati mmoja, kila waya umesimama peke yake hata ukipiga kodi ya nota nne. Wapigaji wanabishana kila siku kuhusu pikapu na aina ya mbao, mi nakwambia ni huo mgandamizo.

Sasa bei ya utamu huo. Kwenye stili ya kisasa ukitaka kutyuni pedali unachukua funguo ndogo, unazungusha nati ya nailoni pembeni, umemaliza, na ukitaka leva ifanye kazi nyingine unahamisha rodi jioni moja. Kwenye push-pull kuna vitu unatyuni pembeni na vingine lazima uingie chini na alenki, ulegeze kola, ile pete ya chuma iliyoko kwenye rodi, usogeze nywele moja, ukaze, ujaribu, na ukikuta umeharibu kingine unaanza upya. Mfumo pia hautaki waya mmoja upandishwe na ushushwe kwa pamoja kupata nota ya katikati, kitu ambacho vijana wa leo wanakitumia kila wimbo. Inataka mtu aliyeamua mpangilio wake akaacha kuugusa. Ikishakaa sawa lakini, imekaa, kuna push-pull za miaka ya 60 zinapanda jukwaani kila wikendi na hazijafunguliwa muda mrefu.

Nyingi zimefunikwa fomaika nyeusi. Kwa urembo hazina habari, ukiiona jukwaani unaweza kudhani ni meza ya hoteli.

ZB, na kwa nini watu wake hawanyamazi

Zane Beck alikuwa mpigaji kabla ya kuwa fundi, mtu wa Arkansas, na anastahili shukrani kwa leva za goti, yeye ni kati ya waliozifanya ziwe sehemu ya kawaida ya hii gitaa. ZB ni herufi za jina lake. Baadaye kampuni ikaingia mikononi mwa Tom Brumley, huyu ndo alikuwa anampigia mwimbaji wa kantri Buck Owens kwenye bendi yake ya Buckaroos, akatoka 1969 na kushika hiyo kazi ya magitaa huku bado anapiga na mwimbaji Rick Nelson, na kazi ikahamia Texas. Yani kampuni ilizaliwa na mpigaji ikarithiwa na mpigaji. Haikuwahi kuwa kubwa, ndo maana leo ukilinganisha na Sho-Bud au Emmons ZB ni chache na zenyewe kwa zenyewe hazifanani, hii ina pedali zimepangwa hivi, ile vile, nyingine zina waya 11 badala ya 10, kila moja kama iliagizwa na mtu fulani kwa mguu wake.

Sauti yake siwezi kuieleza vizuri kwa maandishi ila nitajaribu. Push-pull inang'aa. ZB ni nene, ina kishindo kidogo mwanzo wa nota, halafu katikati kuna kitu kama mtu anaongea kifuani. Ukipiga waya za juu hazichomi masikio hata ampu ikiwa kali. Kwenye kantri ya haraka, zile za kukimbizana na fidla, inaweza kukuzamisha kidogo, lakini kwenye nyimbo za polepole, au ukiitoa kabisa kwenye kantri ukaipeleka kanisani au kwenye roki, hapo hakuna cha kuigusa kwa masikio yangu.

Mfano ambao karibu kila mtu ameshausikia bila kujua: Jerry Garcia wa bendi ya roki ya Grateful Dead alinunua ZB Custom mwaka 1969, alikuwa bado anajifunza, na mwaka huohuo akaitwa studio na Crosby, Stills, Nash na Young akapiga ile stili ya Teach Your Children. Kaisikilize sasa hivi. Wataalamu wa Nashville watakwambia mkono haujakomaa na ni kweli haujakomaa, lakini ile sauti imebeba wimbo mzima, na watu kibao waliingia kwenye hii gitaa kupitia hapo.

Ubaya wa ZB hauhitaji maneno mengi. Kiwanda hakipo, spea za kutengenezwa kwa wingi hakuna, kidole kikichakaa unampelekea fundi wa lethi akukatie kingine kwa kukifuatisha kile cha zamani. Mashine yake ni ya enzi zake, ukija na mpangilio wa leva tano za kisasa utapigana nayo. Na kuipata yenyewe ni kazi, wenye nazo hawauzi, mara nyingi inaingia sokoni mzee ameshafariki na watoto wanataka nafasi gereji.

Sho-Bud

Hii ndo nzuri kuliko zote kwa macho, tusidanganyane. Mbao ya mepo (maple) yenye vidoadoa, vanishi inang'aa, na kwenye ubao wa freti wamechonga alama za karata, kopa, uru, pao na shupaza. Shot Jackson na wanawe walikuwa na duka Broadway pale Nashville na kila mpigaji wa Grand Ole Opry, kile kipindi kikubwa cha redio cha kantri, alipitia pale. Lloyd Green, ambaye ndo unamsikia na Charley Pride kwenye ile rekodi ya laivu ya Panther Hall na kwenye Sweetheart of the Rodeo ya bendi ya Byrds ya 1968, alipewa modeli yake, LDG, shingo moja kwenye bodi ya shingo mbili na pale pa shingo ya pili wameweka mto wa kuegemeza mikono. Sauti ya Sho-Bud ni tamu, laini, ina huzuni ya mbao.

Tatizo ni kwamba Sho-Bud sio gitaa moja. Zile za mwanzo kabisa zinaitwa Permanent kwa sababu ukishapangiwa pedali zako kiwandani ndo basi, hubadilishi. Za mwanzo wa miaka ya 70 ni imara na mashine yake inaeleweka. Za mwisho, kampuni ikiwa imeshaingia kwenye mikono ya Baldwin na Gretsch, zina vipande vya chuma cha kusubu ambavyo vinavunjika kama biskuti, na Maverick, ile ya wanafunzi, mimi simshauri mtu hata akipewa kwa bei ya kutupa, itamkatisha tamaa kabla hajajua kama ana kipaji. Kwaiyo mtu akikwambia "nauza Sho-Bud" bado hajakwambia kitu, uliza modeli, uliza miaka, omba picha ya chini. Uzuri wake ni kwamba zilitoka nyingi, na kuna mafundi Marekani wanatengeneza spea zake mpaka leo.

Na mpya je?

Nakuta watu wa vya kale wanazidharau mpya na hapo siungani nao kabisa. Mullen za Colorado, MSA za Texas, hizi pia zinaundwa kwenye karakana ndogo, sio kama zinatoka kwenye mkanda wa kiwanda, unaagiza unasubiri. Pedali inashuka laini, nati za nailoni pembeni, ukitaka kubadilisha mpangilio unabadilisha. Kuna na Franklin, alizokuwa anaunda Paul Franklin mzee, babake yule Paul Franklin wa studio za Nashville, hizo ni adimu kuliko ZB na bei yake usiulize kama huna. Huyu mzee ndo aliyetengeneza Pedabro, pedali stili yenye sauti ya dobro, lile gitaa lenye sahani ya chuma tumboni, na mwanawe akaipiga kwenye Forever and Ever, Amen ya Randy Travis mwaka 1987. Nazitaja tu ujue kwamba kuunda kwa mkono hakukuisha miaka ya 60.

Kama wewe ni wa kanisani, kabla hujakimbilia cha Nashville kasikilize kwanza Campbell Brothers na Robert Randolph, watu wa kanisa la House of God, Wamarekani weusi ambao stili ndo inaongoza sifa pale mbele badala ya kinanda. Wale hawakai kwenye hii vita ya Emmons na Sho-Bud, wanapiga gitaa zenye waya zaidi na tuni zao wenyewe, ampu imewekwa juu, na zile mbinu zinaingia kwenye gospeli ya kwetu moja kwa moja. Hata Nigeria, King Sunny Adé alikuwa na mpigaji wa pedali stili kwenye muziki wake wa juju, Demola Adepoju, na hapo hakuna ukantri hata kidogo.

Sasa uchukue ipi

Inategemea unaishi wapi kuliko inavyotegemea masikio yako. Samahani lakini ndo ukweli.

Uko Dallas, Nashville au karibu na mji wenye mafundi wa hii kitu, una gitaa lingine la kufanyia kazi, na unapiga kantri ya kawaida kwa mpangilio wa kawaida wa pedali tatu na leva nne: chukua push-pull. Utaielewa siku ya kwanza na haitakuangusha. Ukikuta Sho-Bud ya mwanzo wa 70 kwa bei nzuri na unapenda kitu cha kuangalia, sawa pia, hutajuta. ZB nampa mtu ambaye ameshapiga miaka, anajua anachokosa, na anapiga vitu vya polepole au vya nje ya kantri. Usiifanye gitaa la kwanza. Nasema hivyo na naipenda kuliko zote.

Uko Nairobi, Arusha, Kampala: chukua mpya ya kuvuta tu, all-pull, shingo moja. Sitaki kusikia habari ya ndoto. Waya wenyewe tu ni wa kuagiza, na ule wa tatu, G# ya 0.011, unakatika kuliko yote kwa hiyo agiza wa ziada, usiagize seti tu. Fundi wa lethi pale Kariobangi anaweza kukukatia rodi nzuri tu ukimpa ya kufuatisha, wale jamaa nawaamini, lakini kidole cha push-pull kina ncha na pembe ambazo zikikosewa kidogo nota hairudi palepale, na yeye hajawahi kuisikia hiyo gitaa ikiwa nzima ili ajue anatafuta nini. Kama lazima iwe ya zamani basi Sho-Bud, sababu spea zinapatikana kwa kuagiza.

Ukiwa unaenda kuikagua, ya aina yoyote, beba tuna yako mwenyewe, kile kifaa cha kupimia nota. Tuni waya wa nne, E, iwe sawasawa. Upige ukiwa wazi, alafu ukanyage pedali ya kwanza na ya pili kwa pamoja bila kugusa waya huo, huku unaangalia sindano. Waya wa nne hauhusiki na pedali hizo, haupaswi kusogea, lakini utaona umeshuka kidogo, hiyo ni bodi inapinda kwa nguvu ya mguu wako. Zote zinashuka. Ikishuka kidogo tu ni kawaida, ikishuka mpaka sikio lako linalalamika, bodi imechoka au imefungwa vibaya, usitoe hela. Rudia kwa kila pedali na kila leva, ukiangalia waya ukirudi unarudi palepale au unabaki juu kidogo. Alafu mwambie muuzaji mpindue gitaa. Muuzaji anayesita kupindua huyo ameshakujibu. Angalia vidole kwa tochi, chini ya waya wa tatu hasa, kama kuna mfereji umechimbika basi waya zitakuwa zinakatikia hapo, na huo mfereji unasawazishwa na fundi kwa hela yako sio yake.

Uliza pia kama imepangwa kwa Emmons au kwa Day, na hapa Emmons sio kampuni, ni mpangilio wa pedali tatu za kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, A B C, wakati Jimmy Day, mpigaji mwingine, aliziweka kinyume. Umeshazoea upande mmoja, kuhama ni kama kuendesha gari la usukani wa kushoto Mombasa Road. Kwenye gitaa mpya unaagiza unavyotaka. Kwenye ZB unaweza kukuta hata sio hiyo wala hiyo, zee lililoiagiza lilikuwa na mawazo yake.

Mwisho ni usafiri. D-10 ikiwa ndani ya kesi yake inazunguka kilo 30, na mashirika mengi ya ndege hayapokei begi moja zaidi ya kilo 32, kwaiyo miguu, pedali na rodi zake zitoe zipande kwenye begi lingine na nguo, gitaa libaki na kesi tu. Weka sponji ngumu pande zote mbili za shingo ili kitu kisiguse mitambo ya kutyuni, legeza waya kidogo, na upige picha tumbo lote kabla ya kufunga, rodi kwa rodi, sababu ukifika na moja imechomoka utahitaji kujua ilikuwa tundu gani.